Pumzi zimetulia, mbona miguu yarusha mateke?

Ikiwa unalala na mtu anayekoroma, msomaji mpenzi, bila shaka waijua hofu ya kukaa macho usiku wa manane ukingoja pumzi ya mwenzako irudi. Mkoromo hupanda, hupanda, kisha ghafla kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, hadi ishirini na zaidi. Halafu anashtuka, anatweta kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageukia upande wa pili, na mambo yanaanza upya. Madaktari huuita ugonjwa huo apnia ya usingizi. Ingawa wengi hapa kwetu bado huuchekea, ni ugonjwa unaopandisha shinikizo la damu, unaochosha moyo na unaowafanya madereva wasinzie wakiwa wameshika usukani.

Leo, hata hivyo, sizungumzi na yule ambaye hajatibiwa. Nazungumza na wale ambao tayari wamepimwa, wakapewa mashine ya kusukuma hewa, wakaivaa kama walivyoagizwa, na bado wanaamka asubuhi wamechoka kama watu waliobeba magunia usiku kucha. Zaidi ya hao, nazungumza na waume na wake zao, kwa maana hao ndio wanaopigwa mateke.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Dereva mmoja wa basi la usiku kati ya Nairobi na Mombasa, ambaye nitamwita Baba Mwende ingawa hilo si jina lake, amekuwa mgonjwa wangu kwa muda mrefu. Ana umri wa miaka 53, shingo nene, presha inayohitaji dawa aina mbili, na maumivu ya mgongo yasiyomwacha, kama ilivyo kwa madereva wengi. Alianza kusinzia kanisani, kisha mezani, na siku moja akasinzia akisubiri taa za barabarani zigeuke. Kwa bahati nzuri alikuwa amesimama. Alipopimwa, pumzi zake zilikuwa zikikatika mara 41 kwa saa. Ili ufahamu uzito wa hesabu hiyo, jua kwamba zaidi ya mara 30 kwa saa tayari huhesabiwa kuwa hali kali.

Mwajiri wake alimtoa barabarani akamweka kwenye meza ya tiketi. Mshahara ukapungua karibu nusu. Jamaa zake wakachanga, mashine ikanunuliwa, na baada ya miezi miwili mkoromo ukaisha kabisa. Mwajiri akasema yuko tayari kumrudisha kwenye usukani iwapo daktari ataandika barua kwamba amepona.

Basi akaja kuchukua barua, akiandamana na mkewe.

"Unalalaje siku hizi?" nikamwuliza.

"Vizuri kabisa, daktari."

Mama Mwende akakohoa. "Baba Mwende, mwambie daktari ukweli."

Ukweli ulikuwa kwamba juma lile tu alikuwa amelalia meza ya tiketi mara mbili, abiria wakimgongea dirisha. Hapo ndipo nilipokosea. Niliamini mara moja kwamba mashine anaiacha kabatini, kwa sababu wagonjwa wengi hufanya hivyo na kisha hutudanganya. Badala ya kuuliza zaidi nikamhubiria. Nilimwambia kwamba mashine isiyovaliwa haimtibu mtu, na kwamba roho za abiria arobaini na tisa haziwezi kuwekwa mikononi mwa mtu anayecheza na matibabu. Hakujibu. Alikuwa akitazama kofia yake aliyoishika magotini.

Aliyejibu ni mkewe. "Daktari, anaivaa kila usiku. Mimi ndiye ninayemfunga mikanda. Kukoroma kumekwisha, namshukuru Mungu. Lakini sasa anapiga mateke. Nimehamia chumba cha watoto." Akainua leso kidogo akanionyesha muundi wake. Palikuwa na alama nyeusi tatu.

Mashine hizi za kisasa zina kadi inayoweka kumbukumbu. Nilimwomba ailete siku iliyofuata, nikaisoma. Alikuwa ameivaa kila usiku bila kukosa, wastani wa saa sita na nusu, na pumzi zake zilikuwa zikikatika mara 3 tu kwa saa, kiwango ambacho hata mtu mzima wa afya aweza kuwa nacho. Kadi ilimtetea kuliko mdomo wake. Nilimwomba radhi, kisha nikaanza kazi ambayo nilipaswa kuianza jana yake.

Ili tuelewane, hebu kwanza tutazame jinsi koo linavyofanya kazi. Tunapolala, misuli yote hulegea, pamoja na ile inayoshikilia ulimi na kuta za koo. Kwa mtu mwenye koo jembamba, au mwenye mafuta mengi shingoni, au mwenye taya dogo, kuta hizo hukutana na kuziba njia ya hewa. Kifua huendelea kujaribu kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni katika damu hushuka. Ubongo ukihisi hatari hujiamsha kwa sekunde chache, misuli hukaza, njia hufunguka, na mgonjwa hatweti tu bali aghalabu hutupa mikono na miguu. Asubuhi hakumbuki lolote. Mashine ya kusukuma hewa, ambayo sisi madaktari huiita sipapu, huzuia mambo hayo kwa kupuliza hewa puani kupitia barakoa, na msukumo wa hewa hiyo hushikilia koo lisianguke. Ni kifaa rahisi sana kimawazo. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, na wenzake ndio waliotangaza mafanikio yake mwaka 1981, na hadi leo hakuna matibabu yaliyokipiku kwa wagonjwa walio katika hali kali.

Sasa, miguu. Ukimtazama mgonjwa wa apnia kabla hajapewa mashine, utaona miguu ikiruka mara nyingi, lakini kila mruko huja mwishoni mwa kimya, pumzi inaporudi. Miruko ya namna hiyo ni sehemu ya ule mshtuko wa kujiokoa. Ukiitibu pumzi, miguu nayo hutulia. Mama Mwende mwenyewe alinieleza hivyo bila kufundishwa na mtu: hapo zamani mumewe alikuwa akirusha mguu pale tu alipotweta.

Lakini kuna miruko ya aina nyingine ambayo haitegemei pumzi. Daktari Mwingereza, Charles Symonds, aliiandika mwaka 1953, na katika miaka ya sitini wachunguzi wa mji wa Bologna nchini Italia wakiongozwa na Elio Lugaresi wakaipima kwa nyaya usiku kucha. Waligundua jambo la ajabu: miruko hii ina mpangilio kama saa ya ukutani. Kidole gumba cha mguu hunyanyuka, kifundo hujikunja kuelekea juu, goti hupinda, na wakati mwingine nyonga pia. Tendo lenyewe huchukua nusu sekunde hadi sekunde 10. Kisha mguu hutulia, na baada ya muda, aghalabu sekunde 20 hadi 40, hurudia tena vilevile. Waweza kuendelea hivyo kwa saa nzima, hasa katika nusu ya kwanza ya usiku. Kwa mtu mzima, tukipata zaidi ya miruko 15 kwa saa tunasema imepita kiasi. Si lazima iwe teke la kumwumiza mtu. Mara nyingi ni kidole tu kinachocheza chini ya blanketi na hakuna anayejua.

Mwaka 1989 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa apnia ambao miruko hii ilijitokeza baada ya kuanza kutumia mashine. Tangu hapo jambo hilo limeonekana mara nyingi. Je, mashine ndiyo inayoleta miruko? Kwa wengi, la. Fikiria nyumba ambamo redio inapigwa kwa sauti ya juu: hutasikia panya darini. Redio ikizimwa, panya wanasikika, lakini si kuzimwa kwa redio kulikowaleta. Mtu anayeamshwa na koo lake mara 41 kwa saa hapati hata nafasi ya kulala kwa utulivu unaoruhusu mpangilio wa miguu kuonekana, na hata ukiwapo, umefichwa na vurugu la pumzi. Mashine inapomrudishia usingizi, miguu nayo inapata usiku mzima wa kujionyesha.

Kuna maelezo mengine, na yasidharauliwe. Yawezekana msukumo wa mashine ni mdogo mno, au barakoa inavuja hewa, hivi kwamba koo haliangui kabisa lakini linabanwa nusu. Mgonjwa hakoromi, kadi haionyeshi ubaya mkubwa, lakini bado anajitahidi kuvuta pumzi na kila juhudi huishia kwa mshtuko wa mguu. Nimewahi kumwona mwalimu mmoja ambaye mateke yake yaliisha usiku ule alipobadilishiwa barakoa kubwa kwa ndogo. Ndiyo maana anayesoma kipimo cha usingizi hulazimika kuamua, mruko kwa mruko, kama ni mtoto wa pumzi au unajitegemea. Kazi hiyo si rahisi, na mwaka 2016 wataalamu wa dunia walilazimika kuandika upya kanuni za kuhesabu miruko iliyo karibu na pumzi iliyokatika.

Fahamu pia kwamba vipimo vingi vinavyofanyiwa nyumbani, vile ambavyo mgonjwa hukabidhiwa kifaa kidogo akaenda nacho, havina nyaya za miguuni. Hupima pumzi, oksijeni na mapigo ya moyo, basi. Kipimo cha kwanza cha Baba Mwende kilikuwa cha namna hiyo. Ili tuione miguu yake ilibidi alale hospitalini usiku mmoja akiwa amevaa mashine yake, na nyaya zikiwa zimebandikwa kichwani, kifuani na mbele ya miundi. Gharama hiyo aliilipa kwa kuuza mbuzi wanne kwao Makueni. Matokeo: pumzi mara 2 kwa saa, miruko ya miguu 38 kwa saa.

Hapa lazima nikutahadharishe, msomaji, kabla hujakimbia kumwamsha daktari wako. Miruko ya miguu usingizini ni mingi sana kwa watu waliotimiza umri mkubwa, na wengi wao wanalala vyema na kuamka vyema. Mtu hatibiwi kwa sababu karatasi inasema 38. Isitoshe, wataalamu wenyewe wanabishana hadi leo kama miruko peke yake humfanya mtu asinzie mchana. Mtu anayevaa mashine na bado anasinzia aweza kuwa anasinzia kwa sababu nyingi zaidi: kwamba analala saa nne tu, kwamba anafanya kazi usiku na kulala mchana palipo na kelele, kwamba ana huzuni iliyomzidi, kwamba tezi la shingoni limezubaa, au kwamba anakunywa dawa za kulevya usingizi. Madereva wengi hutafuna miraa ili wasilale. Miraa haiondoi deni la usingizi. Huliahirisha tu, na deni hilo hudaiwa asubuhi, pengine kwenye kona ya barabara. Nilimwuliza Baba Mwende haya yote. Miraa aliiacha mwaka alipoanza dawa za presha.

Swali lililofungua mlango lilikuwa jingine, nami nakushauri ujiulize mwenyewe: jioni ukikaa kimya, je, miguu yako inakuruhusu kukaa? Kuna ugonjwa unaoitwa miguu isiyotulia. Thomas Willis, tabibu wa Uingereza, alieleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaupa jina na maelezo kamili mwaka 1945. Mwenye ugonjwa huu huhisi hamu kali ya kuisogeza miguu. Hamu hiyo huja anapopumzika, hupungua anapotembea, na huzidi jioni na usiku. Wengine husema ni kama siafu ndani ya mfupa, wengine kama maji yanayochemka. Si mkakamao wa misuli, ambao huja kwa maumivu makali kwenye shavu la mguu na kumfanya mtu apige kelele. Kati ya watu kumi wenye miguu isiyotulia, wanane au zaidi huwa na miruko usingizini.

Baba Mwende alicheka nilipomwuliza. Akanisimulia kwamba kwa miaka mingi, basi linaposimama Mtito Andei abiria wakala, yeye hulizunguka mara tano au sita kabla hajaketi. Utingo alidhani anakagua magurudumu. "Nilikuwa naituliza miguu, daktari. Nilijua ni uchovu wa klachi."

Sasa nifike kwenye damu, maana ndipo penye mengi ya manufaa kwako. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza na kutumia dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa viungo. Chuma kikipungua ubongoni, miguu huanza fujo. Na jambo ambalo hata sisi madaktari hulisahau ni hili: chuma chaweza kuwa kimepungua ilhali damu yenyewe bado ni ya kutosha. Damu ya Baba Mwende ilikuwa 13.6, na mtu yeyote angemwambia aende nyumbani. Lakini akiba ya chuma hupimwa kwa kipimo kingine, feritini, na yake ilikuwa 19. Kwa mtu mwenye miguu isiyotulia, tunafikiria kumpa chuma ikiwa feritini haizidi 75. Kwa hivyo ukiambiwa damu yako ni nzuri, uliza kama feritini imepimwa. Uliza pia kama ulikuwa na homa au uvimbe wowote mwilini siku hiyo, kwa sababu magonjwa hayo hupandisha feritini kwa uongo.

Kwa wanawake wa umri wa kuzaa sababu huwa karibu kuonekana: hedhi nzito, uvimbe katika mji wa uzazi, mimba zilizofuatana. Waja wazito wengi hupata miguu isiyotulia katika miezi mitatu ya mwisho, na kwa wengi hutoweka baada ya kujifungua. Lakini mwanamume wa miaka 53 anapoishiwa chuma, daktari hana ruhusa ya kumpa vidonge na kumwaga. Lazima aulize chuma kimeenda wapi. Vidonda vya tumbo, hasa kwa mtu anayemeza dawa za maumivu ya mgongo kila siku, safura, na hata saratani ya utumbo, vyote huvujisha damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Tulimchunguza tumbo na utumbo, kinyesi kikapimwa. Hapakuwa na kitu.

Ilikuwa katika ziara ya tatu, akitazama tena ile kofia yake, ndipo aliposema kwamba yeye hutoa damu. Kila wakati magari ya kukusanya damu yanapofika kanisani kwao au kituoni, yeye ni wa kwanza. Alianza baada ya ajali mbaya aliyoikuta barabarani, ambapo alisaidia kuwatoa majeruhi, na kijana mmoja akafa hospitalini kwa kukosa damu. Amekuwa akitoa mara nne kwa mwaka kwa miaka minane. Hakuwa amenitajia kwa sababu hakuona kuwa ni ugonjwa.

Kila anapotoa damu, mtu huondokewa na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili huchukua miezi mingi kukirudisha, kwa vile kila siku tunafyonza miligramu moja au mbili tu kutoka kwa chakula. Mtu anayekula ugali na sukumawiki, na kuteremsha chakula hicho kwa chai ya rangi au ya maziwa, hufyonza kidogo zaidi, kwa sababu chai hukizuia chuma cha mboga. Sikusudii kumtisha yeyote asitoe damu. Nchi hii inaihitaji mno, na kijana mwenye akiba nzuri hadhuriki. Nasema tu kwamba anayetoa mara kwa mara apimwe feritini, na mwenye miguu isiyotulia apumzike kwanza.

Bado kulikuwa na jambo moja, nalo ni zito kwangu kulisema. Kwa ajili ya mgongo wake, mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Ni dawa nzuri kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na hutolewa kila pembe ya nchi. Lakini yeye na jamaa zake wengi wa dawa za huzuni huweza kuzidisha miruko ya miguu, na zaidi ya hayo hulevya hata asubuhi. Katika orodha hiyo tia pia baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, zile za magonjwa ya akili, na vidonge vidogo vya njano vya mafua na mizio ambavyo kila duka la dawa huviuza bila kuuliza. Ajabu ni kwamba mtu asiyelala kwa sababu ya miguu mara nyingi hununua vidonge hivyo vya njano ili vimletee usingizi. Tafadhali usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa sababu ya makala haya. Nenda kwa aliyekuandikia, mwambie habari za miguu, mpunguze polepole. Ndivyo tulivyofanya.

Baba Mwende alianza vidonge vya chuma, kimoja kila baada ya siku moja, asubuhi kabla ya kula, pamoja na maji ya machungwa. Chai ilisogezwa saa mbili mbele. Kinyesi kiligeuka cheusi na akaogopa, ingawa nilikuwa nimemwonya. Nilimwambia pia kwamba asitazamie kuona nafuu kabla ya majuma sita.

Huenda umesikia kuna dawa za miguu yenyewe, na ni kweli. Kwa muda mrefu dawa zilizotangulia kutolewa zilikuwa zile zinazoiga dopamini, kama vile pramipeksoli. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka sana, na ndipo penye mtego. Baada ya miezi au miaka, kwa wengi ugonjwa hugeuka: huanza saa nane mchana badala ya usiku, hupanda hadi mikononi, na kila kipimo kikiongezwa huzidi. Wengine hupatwa na tamaa wasioweza kuizuia, ya kununua vitu ovyo au ya kucheza kamari, na katika miji yetu yenye kamari ndani ya kila simu sihitaji kueleza zaidi. Mwaka 2025 chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilishauri dawa hizo zisiwe tena za kawaida. Siku hizi tunaanza na chuma, kisha dawa za jamii ya gabapentini. Hizo nazo hulevya na zaweza kudhoofisha pumzi, kwa hivyo mwenye apnia asizimeze usiku ambao hana mashine, wala asizichanganye na pombe. Stima zikipotea usiku, kwa mfano, mashine imezima na dawa imo mwilini. Panga mapema na daktari wako utafanyaje. Hali kadhalika vidonge vya usingizi na vya kulegeza misuli: vyaweza kutuliza mateke huku vikilegeza koo, na hapo tumemponya mke tukamwua mume.

Si kila teke ni hili ninalolieleza. Mtu anayepiga kelele, anayerusha ngumi, anayeruka kitandani na ukimwamsha akakueleza ndoto ya kupigana na wezi, huyo ana ugonjwa mwingine, na akiwa amepita miaka hamsini anahitaji kuonwa na daktari wa mishipa ya fahamu, kwani kwa wengi ni dalili ya mapema ya maradhi ya kutetemeka. Anayejiuma ulimi au kujikojolea huenda ana kifafa. Wenye kisukari cha muda mrefu na wenye figo mbovu nao wana miguu yenye matatizo yake, na wapimwe hayo.

Kwa hivyo wewe unayelala naye, wewe ndiye shahidi tuliye naye. Tumia simu yako kumpiga picha za video usiku, dakika tano zatosha, uhakikishe miguu na barakoa vinaonekana. Sikiliza kama hewa inavuma pembeni mwa barakoa. Tazama kama mruko unafuata kimya cha pumzi au unakuja wenyewe. Kisha andamana naye kwa daktari, kwa maana peke yake atasema analala vizuri kabisa.

Barua ya Baba Mwende sikuiandika siku ile, wala mwezi uliofuata. Alikuja mara mbili kuiomba. Mara ya pili bintiye alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, naye aliondoka bila kuniaga. Sikulaumu. Mwezi wa nne feritini yake ilikuwa imefika 58, jioni aliweza kukaa ibada nzima bila kusimama, na alikuwa ameketi siku tatu mfululizo katika meza ya tiketi bila kusinzia, nilivyothibitishiwa na msimamizi wake kwa simu. Amitriptilini alikuwa ameiacha kabisa. Mgongo ulikuwa ukimwuma zaidi kidogo, na hilo tunaendelea kulishughulikia kwa mazoezi.

Niliandika kwamba aweza kuendesha mchana, si usiku, na kwamba nitaisoma kadi ya mashine yake kila baada ya miezi mitatu. Mwajiri alimpa safari za kwenda Machakos na kurudi. Mama Mwende amerejea chumbani, lakini aliniambia kwamba bado analala na mto mrefu katikati yao, na hana mpango wa kuuondoa.